Kava la Waya wa Breki: Gramu za Kupunguza na Gramu za Kuacha

Muulize mtu yeyote hapa chuoni ni kitu gani kinachosimamisha baiskeli. Atakuonyesha zile raba mbili zinazobana ringi. Ukimbana zaidi atakuonyesha na waya. Kava, yaani lile ganda la nje ambalo waya unapita ndani yake, wengi wanalichukulia kama soksi tu: limewekwa ili waya usishike kutu na usikwaruze rangi ya fremu. Basi kama ni soksi, kwa nini mtu asivae nyepesi?

Swali hilo linaulizwa sana siku hizi na wenzetu walionunua baiskeli za zamani za resi, zile za mtumba zenye usukani uliojikunja kama pembe za kondoo, na nyaya zinazotokea juu ya vishikio na kupiga tao kubwa hewani. Ni baiskeli nzuri, sisemi vinginevyo. Fremu zake ni za chuma chembamba, nyingi ni za miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980, na mwenye nayo bumu likitoka huwa na wazo moja tu: kuipunguza uzito. Anabadilisha siti, anabadilisha pedeli, halafu anafika kwenye makava. Hapo ndipo naomba tukae kidogo, maana kwenye makava kuna gramu za kupunguza, na kuna gramu ambazo ukizigusa utashuka Mlimani ukiwa abiria wa baiskeli yako mwenyewe.

Waya unavuta, kava linasukuma

Tuanze na baiskeli ambayo wengi tumeikuta nyumbani, ile kubwa nyeusi ya kubebea mkungu wa ndizi, madumu ya maji na hata mgonjwa. Breki yake haina waya. Ina fito za chuma: unabana kishikio, fito inavutwa juu, raba zinapanda na kubana ringi kwa upande wa ndani. Fito ni ngumu na zimeshikwa na usukani na fremu, kwa hiyo nguvu ya mkono wako inapata pa kuegemea bila shida. Kasoro yake ni kwamba fito haijui kukata kona. Kila penye kona lazima pawe na kiungo cha kuigeuza, na kila kiungo ni uzito na ni mahali pa kulegea.

Mwaka 1896 Ernest Monnington Bowden, mzaliwa wa Ireland, alipata hataza ya njia nyingine. (Watu wengi humchanganya na Frank Bowden, mwanzilishi wa kampuni ya Raleigh kule Nottingham. Majina yamegongana tu.) Wazo lake ni waya unaonyumbulika, unaovutwa ndani ya mrija unaonyumbulika lakini usiofupika. Hilo neno "usiofupika" ndilo somo lenyewe, mengine yote ni mazoezi.

Fikiria waya peke yake, bila kava, umetoka kwenye kishikio ukapinda hadi kwenye taya za breki. Ukiuvuta, kitu cha kwanza utakachofanya ni kujinyoosha. Taya hazitasikia chochote. Sasa uvalishe kava. Ncha moja ya kava imeegemea kishikio, ncha ya pili imeegemea taya moja, na waya uliotoka ndani umefungwa kwenye taya ya pili. Waya ukivuta taya ya pili kwenda juu, kava linaisukuma taya ya kwanza kwenda chini kwa nguvu ileile. Ni sheria ya tatu ya Newton, ile tuliyoikariri kidato cha pili bila kujua itatukuta barabarani. Kwa hiyo nusu ya kubana inafanywa na waya, na nusu nyingine inafanywa na hiyo "soksi".

Tuweke namba. Chukulia mkono wako unabana kishikio kwa nyutoni 100, nguvu ambayo mtu mzima anaiweza bila kukunja uso, na kishikio kinaizidisha mara nne. Waya unavutwa kwa nyutoni 400. Kava nalo linagandamizwa kwa nyutoni 400, ambao ni uzito wa ndoo mbili za maji za lita 20, zimewekwa juu ya mrija wenye kipenyo cha milimita 5. Na hapo hujashtuka. Ng'ombe akikatiza mbele yako utabana zaidi ya hivyo.

Ndiyo maana kava la breki limetengenezwa kwa waya wa chuma uliosokotwa kama springi iliyofungwa, pete juu ya pete, bila nafasi kati yake. Ukiligandamiza, pete zinaegemeana na haliwezi kufupika. Juu yake kuna plastiki ya kuzuia maji, na ndani, kwa makava ya siku hizi, kuna mrija mwembamba wa nailoni au tefloni ili waya uteleze.

Kava la gia si kava la breki

Sasa twende kwenye jambo lililonifanya nishike kalamu. Muhula huu nilimkuta fundi mmoja nje ya geti anafunga makava mapya kwenye baiskeli ya resi ya mwanafunzi. Yalikuwa membamba, mepesi, yanavutia kwelikweli.

"Dogo, haya kaleta mwenyewe," akaniambia. "Kasema ndiyo ya kisasa, mepesi."

"Fundi, haya ni ya gia."

"La gia, la breki, si waya unapita?"

"Kata kidogo tuangalie, mzee wangu."

Akakata kipande cha lile jembamba, akakata na kipande cha kava kuukuu alilolitoa, tukavitazama kwenye mwanga. Kava kuukuu lilionyesha ncha ya springi inayozunguka tundu. Lile jembamba lilionyesha nukta nukta za chuma zimezunguka tundu, kama punje kwenye gunzi la muhindi lililokatwa katikati. Fundi akakaa kimya, halafu akasema, "Kumbe hizi zimelala."

Hakuna namna bora ya kulieleza. Nyaya za kava la gia hazikusokotwa, zimelala kwa urefu, sambamba, kutoka ncha hadi ncha, na kinachozishika pamoja ni plastiki tu. Zilipangwa hivyo kwa sababu yake. Kava la springi likipindwa, pete zake zinaachana kidogo upande wa nje wa kona, na urefu wake unabadilika kidogo. Breki haijali badiliko hilo, lakini gia zinazohama kwa kubofya hatua moja moja zinajali sana, kwani tofauti ndogo ya urefu inaiacha cheni ikikwaruza meno ya jirani. Nyaya zilizolala zinatunza urefu ule ule hata kava likipinda, na waya wa gia hauvutwi kwa nguvu kubwa.

Zipe kazi ya breki uone. Unyasi mrefu uliosimama wima ukiukandamiza kwa juu, unajikunja kwa ubavu. Nyaya zilizolala nazo hivyohivyo: zikigandamizwa zinataka kutoka nje, plastiki inazizuia, inazizuia, halafu siku moja inapasuka. Kibaya ni kwamba hupasuka siku uliyobana kwa nguvu kuliko siku zote, yaani siku uliyoihitaji breki kuliko siku zote. Kava la springi likichoka linakupa taarifa: breki inakuwa laini, kishikio kinakaribia usukani, unanung'unika, unaenda kwa fundi. La gia halitoi notisi.

Yapo makava mepesi yenye nyaya zilizolala yaliyotengenezwa kwa ajili ya breki, ambayo yamezungushiwa nyuzi imara kama Kevlar ili yasipasuke. Yanaandikwa wazi kuwa ni ya breki. Kama halijaandikwa, na ukikata unaona punje za muhindi, lirudishe. Vipimo navyo husaidia: kava la kawaida la breki lina kipenyo cha milimita 5, la gia mara nyingi ni 4. Lakini usitegemee rula peke yake, tazama ncha. Kuna mafundi wanaotumia kava la waya wa klachi ya pikipiki. Hilo ni zito na halipendezi, lakini ni springi, kwa hiyo ugomvi wangu nalo ni mdogo.

Hesabu ya kona

Wanaopenda wepesi huwa wanalalamika pia kwamba breki ya nyuma ya baiskeli hizi ni mbovu. Wanadhani ni kwa sababu waya ni mrefu. Ni kweli kwa sehemu, lakini mshtakiwa mkuu ni mwingine.

Waya ukizunguka kona ndani ya kava, unasugua ukuta wa ndani wa ile kona. Kinachopotea kinafuata kanuni ileile ya kamba iliyozungushwa kwenye gogo la gati, ile inayomwezesha baharia mmoja kuzuia jahazi zima: nguvu inayofika ni nguvu ya mwanzo mara e kwa kipeo cha hasi μθ. Hapo μ ni kipimo cha msuguano, na θ ni jumla ya pembe zote za kona kwa redieni. Tazama kisichokuwemo. Urefu haumo. Upana wa kona haumo. Kona pana na kona finyu za nyuzi 90 zinakula sawa katika kanuni hii, ingawa kona finyu sana ina dhambi zake nyingine: inaukunja waya wenyewe na kuutoboa mrija wa ndani.

Chukua breki ya mbele. Waya unatoka juu ya kishikio, unapiga tao, unashuka kwenye taya: tuseme jumla ni nyuzi 180. Kwa kava jipya lenye mrija wa ndani, weka μ iwe 0.1. Zile nyutoni 400 zinafika 292. Kwa kava la zamani lisilo na mrija, kavu, lenye kutu kidogo, weka 0.2. Zinafika 213. Breki ya nyuma ina tao la mbele na kona nyingine chini ya siti, tuseme jumla 270. Kava jipya linafikisha 250, lile kavu linafikisha 156. Yaani zaidi ya nusu ya nguvu ya mkono wako imeishia njiani kupasha chuma joto. Na msuguano huohuo unafanya kazi wakati wa kuachia pia, ndiyo maana taya za baiskeli kuukuu hubaki zimebana ringi na unakanyaga ukidhani umechoka.

Namba hizo za μ nimezichagua kwa ajili ya mfano, lakini zinaonyesha mwelekeo. Mita nzima ya kava lililonyooka juu ya fremu haikuongezei pembe yoyote. Kona moja ya ziada ya nyuzi 90 inakula hela.

Hii inaeleza pia historia ya baiskeli zenyewe. Yale matao hewani ambayo leo tunayaona ya kizamani yalikuwa na akili: kabla makava yenye mrija wa ndani hayajawa jambo la kawaida, waya ulihitaji njia yenye kona chache na pana. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watengenezaji, Shimano wakiwemo, walianza kuupitisha waya chini ya utepe wa usukani ili kukata upepo. Njia hiyo iliongeza kona, na bila makava yanayoteleza isingevumilika. Kule Toscana, Italia, kuna safari ya baiskeli za zamani iitwayo L'Eroica, iliyoanza mwaka 1997 katika mji wa Gaiole in Chianti. Kanuni yake inataka baiskeli za kabla ya 1987, gia za kubadilishia kwenye paipu ya chini ya fremu, na waya wa breki unaopita nje ya usukani. Kwao hilo tao hewani ni kitambulisho cha umri, kama pete za mti.

Wepesi unapatikana wapi basi

Palipo na mstari ulionyooka. Jibu ndilo hilo. Kazi ya kava ni kuupitisha waya kwenye kona. Mahali ambapo waya umenyooka na ncha zake zimeshikwa na fremu, fremu yenyewe inaweza kubeba mgandamizo, na kava halina kazi.

Angalia paipu ya juu ya fremu yako. Kwenye baiskeli nyingi za zamani kava limepita zima, mwanzo hadi mwisho, limeshikwa na vibanio vitatu vinavyong'aa. Kwenye nyingine utaona vijikombe viwili vilivyochomelewa, kimoja mbele na kimoja nyuma. Kava linaishia kwenye kijikombe cha kwanza, waya unaenda mtupu hadi cha pili, kisha kava linaanza upya. Baiskeli yako ikiwa na vijikombe hivyo na mtu aliyekuuzia akawa amepitisha kava zima kwa uvivu, umeokota gramu za bure. Umepunguza uzito, umepunguza chuma cha kugandamizwa, na hujagusa usalama hata kidogo. Lakini kama fremu haina vijikombe, tafadhali usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Chuma cha fremu hizi ni chembamba, na moto wa kuchomelea usiodhibitiwa unakidhoofisha palepale.

Baiskeli zenye breki za kuvutwa katikati, kama zile za Mafac za Ufaransa, zina faida ya aina hii tangu kiwandani. Kava linaishia kwenye kishikizo kilichofungwa kwenye fremu, juu ya taya, na kutoka hapo waya mtupu unashuka hadi kwenye kiunganishi cha taya mbili.

Njia ya pili ya wepesi ni pesa. Kuna makava yaliyotengenezwa kwa vipande vidogo vya alumini, kama shanga, vilivyovalishwa juu ya mrija unaoteleza. Nokon ya Ujerumani ndiyo jina linalotajwa sana. Alumini ina uzito wa karibu theluthi moja ya chuma kwa ujazo ule ule, na shanga zikikaa vizuri hazifupiki, kwa hiyo kwa nadharia na kwa vitendo ni kava halali la breki. Zinakwaruza rangi zikigusa fremu, na bei yake inaweza kukufanya ule chipsi kavu wiki nzima. Mimi binafsi nisingenunua. Mita 2 za kava la kawaida la chuma, zinazotosha breki zote mbili, hazifiki nusu ya uzito wa maji kwenye chupa ya nusu lita. Kunywa maji kabla ya kupanda, umeshinda.

Wepesi una wazimu wake na si wa leo. Miaka ya 1970 watu walitoboa matundu kila mahali, hadi kwenye vishikio vya breki. Eddy Merckx alipoweka rekodi ya saa moja mjini Mexico City tarehe 25 Oktoba 1972, kilomita 49.431, baiskeli yake ilikuwa nyepesi ajabu na imetobolewa hadi kwenye cheni. Haikuwa na kava la breki hata sentimita moja. Haikuwa na breki pia: ilikuwa ya uwanjani, hakuna daladala inayosimama ghafla kule.

Kukata na kufunga

Hapa ndipo breki nyingi zinaharibikia, hata zenye kava sahihi. Ukikata kwa koleo la kawaida, pete ya mwisho inabonyea na kuacha kijino kinachoingia tunduni. Kijino hicho kitausaga waya. Tena ncha iliyopinda haikai sawa ndani ya kikofia chake, kwa hiyo kila ukibana, kava linajipanga upya kwanza kabla ya kusukuma. Ule ulaini unaousikia mkononi mara nyingi unatoka hapo, si kwenye waya. Tumia kikatio chenye makali, kisha chukua tupa uisawazishe ncha hadi iwe bapa, halafu fungua mrija wa ndani kwa sindano nene. Kazi ya dakika mbili kwa kila ncha, na mafundi wengi wataifanya ukiwaomba kwa heshima na ukawa tayari kusubiri.

Urefu pimia usukani. Ugeuze hadi mwisho kulia, hadi mwisho kushoto. Kava lisivutike popote, na lisibaki refu kiasi cha kupiga tao linalokumbatia taa ya jirani. Kwa kava la zamani lisilo na mrija wa ndani, paka waya grisi kabla ya kuupitisha. Kwa lenye mrija, grisi nzito inanasa vumbi, tone la oili jepesi linatosha. Na unaponunua waya angalia kichwa chake: vishikio vya baiskeli ya resi vinapokea kichwa kidogo chenye umbo la peasi, si kile cha mviringo kama pipa. Nyaya nyingi za madukani zina vichwa vyote viwili, unakata usichokihitaji.

Kabla ya kupanda, simama kando ya baiskeli ubane kila kishikio mara kumi kwa nguvu zako zote, nguvu za kumkwepa ng'ombe. Mwenzako aangalie kava, hasa nchani na kwenye matao. Likijitikisa kidogo ni sawa. Likifura, likitoa mlio wa kupasuka, au chuma kikichungulia nje ya plastiki, hiyo baiskeli inasukumwa kwa mkono hadi kwa fundi. Kishikio kikigusa usukani, vivyo hivyo. Kisha zunguka kwanza kwenye tambarare ya viwanja vya michezo kwa siku mbili tatu. Ncha za kava zitajikalisha, breki italegea kidogo, nawe utaikaza kwa ile nati ndogo iliyo juu ya taya, nusu mzunguko au mmoja. Baada ya hapo mteremko wa Mabibo ni wako.